Mto Uliodai Njia Yake

Hapo zamani, wala si zile za kale sana, mji wa Kingolwe ulikua hadi ukakosa pa kukaa. Watu wakafukia mkono mmoja wa mto kwa kifusi, wakajenga juu yake. Fundi wao alikuwa Kombo. Bi Mize, mfinyanzi aliyechimba udongo pale tangu usichana wake, alijua mto utarudi. Akanyamaza, asije akaambiwa ana kijicho.

Masika yakaja, mto ukarudi. Ukambeba Subira, binti wa Mwanamvua, na mwili haukuonekana. Mwanamvua akabaki na kitu kimoja tu: kitovu cha mwanawe, alichokizika chini ya kizingiti cha nyumba.

Baada ya matanga, mji ukakubaliana kuurudishia mto njia yake. Bi Mize akafikicha udongo vidoleni, akasema, "Ulipita hapa, na hapa, na hapa." Kombo akachimba. Akachimba kiangazi kizima, mpaka akaifikia nyumba ya Mwanamvua.

"Hapa hapachimbwi, kaka," Mwanamvua akasema. "Hili ndilo kaburi nililo nalo."

Wachimbaji wakaguna. Kombo akaweka sururu chini. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mwacheni."

Masika ya pili, maji yalifuata mfereji hadi kwenye ukuta wa nyumba ile, yakakosa pa kwenda, yakageukia mtaani. Yakamchukua Makame, mwana wa pekee wa Kombo.

Siku ya maziko, Mwanamvua hakwenda msibani, angeingiaje? Aliishika sururu ile ile, akaibomoa nyumba yake peke yake, huku akilia kwa sauti.

Masika ya tatu, maji yalipita juu ya kizingiti, yakaenda zake. Hakufa mtu. Mji ukajenga nyumba moja mlimani, zawadi ya aliyeuokoa.

"Njia niliijua mimi," alisema Bi Mize.

"Uliijua tangu zamani, bibi," Mwanamvua akamjibu.

"Niliichimba mimi," alisema Kombo.

"Na uliifukia wewe, kaka," Mwanamvua akamwambia.

"Nami nilitoa nyumba," akaendelea Mwanamvua. "Na kilichokuwa chini yake."

Kombo alimtazama tu, hata Mwanamvua akajifunika uso kwa kanga.

Nyumba ile ina ufunguo mmoja. Haya, msinikodolee macho, maana nanyi mmejenga juu ya njia za maji: nani alistahili kupewa?