Pichesi Chachu za Mama Eliwaza

Ndugu zangu, nipeni masikio kidogo kabla hatujaomba. Huko milimani kulikuwa na mkulima mmoja, Baba Eliwaza, aliyerithi shamba la pichesi. Zilikuwa tamu, ukiuma moja maji yanakutiririka hadi kwenye kiwiko. Lakini mpichesi unataka baridi. Usipopigwa na baridi ya kutosha, hautoi maua. Na baridi ya milimani ilikuwa inapungua mwaka hadi mwaka.

Mkewe aliliona hilo. Bondeni, kwenye joto, kulikuwa na mpichesi uliojiotea, unaozaa vitunda vichachu. Mama huyo akachukua unga wa maua yake, akaupaka kwa brashi kwenye maua ya miti yao mitamu, kisha akapanda mbegu zilizopatikana. Akangoja miaka. Miche ikakua, ikavumilia joto, ikazaa. Baba Eliwaza akachuma tunda la kwanza mbele ya wageni, akauma, akatema.

"Hiki ndicho ulichokuwa unakihangaikia?"

"Baba Eliwaza, huu ni uzao wa kwanza tu. Nitauchanganya tena na miti yetu, utamu utarudi. Nivumilie."

"Nikuvumilie mpaka watu wanicheke?"

Na wageni wakacheka kweli. Kicheko kile kilimchoma. Mkewe aliposafiri kwenda kumuuguza mama yake, mume akashika shoka, akaifyeka miche yote, akapanda kabichi.

Mkewe aliporudi alisimama pembeni mwa shamba, mkoba ungali begani. Aliingia jikoni akawasha moto. Mume alitamani agombe.

Ukaja mwaka ambao baridi haikufika kabisa, na uliofuata vivyo hivyo. Mipichesi mitamu ikatoa majani matupu. Mkulima akamfuata mkewe, akasema kwa sauti ya chini, "Mama Eliwaza, nilikosa. Twende bondeni, tuanze upya. Brashi nitaishika mimi."

Mkewe akamtazama kwa huruma. "Nilikusamehe zamani. Na unga wa bondeni upo. Lakini tutaupaka kwenye maua gani?"

Hapo ndipo mwanamume yule alipoketi chini akalia.

Sisi je? Mkulima huyu alisamehewa, tena kwa moyo mweupe, lakini msamaha haukumrudishia msimu. Sisi nasi tunampenda mtu aliyekwisha kubadilika, anayebadilika tunamchoka. Kijana ameacha pombe, siku za mwanzo ana hasira, tunasema afadhali angeendelea kunywa. Jirani amekuja kupatana, maneno yakamtoka vibaya, tukamfungia mlango. Kazi ya Mungu ikiwa bado changa tunaikata, kwa kuwa haijawa tamu, halafu tunakuja hapa kuomba muujiza!

Wewe uliyeketi hapo, ni nani uliyemtema? Kama yupo, mfuate leo hii. Maana wamo humu ndani waliokwenda kuomba radhi, wakaonyeshwa kaburi.