Mizizi ya Tumpe

Mzizi uliosimama haujalala. Mmeisikia leo maabarani, mkaniuliza ni methali ya kabila gani. Si ya kabila lolote. Methali nyingi hudai umri zisioweza kuuthibitisha. Hii ina miaka kumi na tisa, nami nilikuwapo ilipoanza.

Tumpe, mwanafunzi wa uzamili, aliotesha mizizi ya vitunguu katika sahani mbili, akaipiga mionzi. Alitaka kuona seli zikigawanyika baada ya DNA yake kujeruhiwa. Ijumaa alipaswa kutuonyesha sisi watahini. Angekosa cha kuonyesha, nafasi yake ya masomo ingefutwa. Jumatano alitazama kwa hadubini. Hakuna seli iliyokuwa ikigawanyika.

"Zimezubaa, Mzee," alimwambia Kilobo, mtunza maabara. "Nitazitilia kafeini. Hata wewe huamki bila kahawa."

"Mimi nikinywa kahawa sigawanyiki, binti. Ziache. Huenda zina kazi."

"Kazi gani, na hazisogei?"

"Fundi akirudi nyuma kuutazama ukuta, huacha kujenga. Utamwita mvivu?"

Tumpe alitia kafeini katika sahani ya kwanza. Ya pili Kilobo aliifunika kwa kiganja, akagoma kuiachia.

Ijumaa Tumpe alituwekea mizizi ya sahani ya kwanza. Seli zilikuwa zikigawanyika kwa wingi.

"Zimegawanyika," nilisema. "Zimegawana nini?"

Tumpe akainamia hadubini. Kromosomu zilikuwa zimekatika. Vipande vingine vimeachwa katikati, vingine vinavutwa pande mbili kama kamba. Kila seli changa ilikuwa ikirithi upungufu.

Kilobo akaleta sahani ya pili bila kuombwa. Humo seli chache zilikuwa zimeanza kugawanyika asubuhi ile, na kromosomu zake karibu zote zilikuwa nzima.

Seli ina vituo vya ukaguzi. Ikigundua kwamba DNA yake imekatika, husimama, huunga palipokatika, ndipo hugawanyika. Ikishindwa kuunga, aghalabu hujiua. Kafeini ilikuwa imewanyamazisha wakaguzi.

"Nilidhani zimelala," Tumpe alisema.

"Mzizi uliosimama haujalala," Kilobo alimjibu, akaenda kuosha vyombo.

Tulimwongezea Tumpe muhula mmoja. Tasnifu yake, iliyohusu kule kusimama kwenyewe, ilifunguliwa kwa sentensi ya Kilobo. Tulimwamuru aifute, kwa kuwa haikuwa na marejeo. Aliifuta. Maabarani hawakutuomba ruhusa, na kila mwanafunzi mwenye haraka huambiwa hadi leo: mzizi uliosimama haujalala.