Kindi na Vijiti vya Hisa

— Paukwa!

— Pakawa!

— Hiyo pakawa ya wagonjwa au ya watoto wangu? Mbwana, toa mguu motoni usinitie matatani na mama yako. Sogeeni. Paukwa!

— PAKAWA!

— Ahaa, kumbe mko hai.

Hapo zamani za kale, zamani hasa, bibi yake bibi yangu hajaota hata jino, palikuwa na nchi ya vilima na mabonde. Katika nchi hiyo aliishi Kindi. Mumewe alikuwa amefariki, akamwachia watoto wawili wadogo na gunia moja la mtama. Na nchi ile, wanangu, ilikuwa na kiangazi kibaya. Kikija, majani yanakauka, mito inakauka, mpaka mate mdomoni yanakauka. Gunia moja halivuki kiangazi. Kindi alilijua hilo. Akilitazama gunia, akiwatazama wanawe, moyo ulimuuma.

— Si angelima, bibi?

— Zawena, Kindi umemwona wapi na jembe? Vile vikono vyake! Tulia usikie.

Nchi ile ilikuwa na desturi yake. Asiye na shamba alimpelekea mtama mwenye kazi. Mwenye kazi aliula huo mtama, yeye na vibarua wake, wakapata nguvu za kufanya kazi. Aliyetoa alipewa kijiti chenye alama ya mwenye kazi. Siku ya mavuno alikwenda na kijiti chake akapewa fungu lake. Kazi ikistawi, fungu kubwa. Kazi ikifa, hupati kitu, kijiti kachokonolee meno. Kijiti hicho kiliitwa hisa.

— Kama hisa za kwenye redio?

— Hizo hizo. Mlidhani zimeanza juzi?

Na siku ya gulio wanyama waliuziana vile vijiti. Leo kijiti cha fulani ni kibaba kimoja cha mtama, kesho vibaba viwili, keshokutwa hakuna anayekitaka hata bure. Basi Kindi akajitwika mtama kidogo, akashika njia ya guliani, huku akiimba. Nikiimba mimi, nanyi mnaitikia, sawa?

Mtama wangu nenda,

— Nenda urudi!

Wanangu wana njaa,

— Nenda urudi!

Kindi akafika guliani. Akakuta kelele! Nguchiro, ambaye ndiye alikuwa dalali, kasimama juu ya jiwe, vijiti tele mkononi. "Hisa za Kunguru! Kunguru kaona kisima cha chumvi nyuma ya mlima! Asubuhi kijiti kibaba kimoja, sasa vitatu, jioni hamvioni!" Wanyama wanasukumana, wanakanyagana. Swala kanunua. Ngiri kanunua, na mkewe Ngiri kanunua vyake kwa siri.

Kindi akauliza, "Samahani, kaka Nguchiro, hicho kisima kuna aliyekiona?"

"Dada, wewe mgeni wa gulio, eh? Ukiuliza maswali wenzio wanatajirika. Tazama nyuma yako!"

Kindi akatazama nyuma. Akaona foleni. Akaogopa kuachwa. Akamwaga mtama wake wote aliokuja nao. Akarudi nyumbani, akaja na mwingine, akamwaga na huo. Akapewa vijiti mkono mzima. Nusu ya gunia, wanangu, kwa kitu ambacho hakukiona, cha mtu ambaye hakumjua.

— Kunguru akakimbia!

— Mbwana, nani anasimulia, mimi au wewe?

Haya, alikimbia. Alikula mtama akashiba, akaruka zake, hata leo hajarudi. Nyuma ya mlima wanyama walikuta mawe matupu. Kindi akakaa chini akashika tama. Wanawe wakaja, wakavichukua vile vijiti wakavichezea, wakajengea kibanda. Kindi alilia siku ile. Alilia kwa sababu ule mtama ulikuwa chakula chao.

Kesho yake akajifuta machozi. Akasema, "Safari hii nampa ninayemjua. Nyuki nawajua. Asali yao nimeionja." Akachukua sehemu ya mtama uliobaki akawapelekea Nyuki, wauchuuze wajipatie mzinga mpya. Tuimbe.

Mtama wangu nenda,

— Nenda urudi!

Wanangu wana njaa,

— Nenda urudi!

Malkia wa Nyuki akampa Kindi kijiti, akamwambia, "Dada Kindi, kwetu sisi mwiko ni mmoja tu. Mzinga haufunuliwi mpaka maua ya porini yaanguke. Nenda ukalee wanao, ukae na subira."

"Nimesikia, malkia," akasema Kindi. Na kweli alisikia. Tatizo alikuwa na wasiwasi.

Asubuhi yake Kindi akaamka, akapanda mti, akafunua mzinga. "Asali imefika wapi?" Nyuki wakasema, "Zzz, dada, bado." Akafunika. Kesho yake tena, "Asali imefika wapi?" "Zzz, dada, bado." Akiona masega yamepanda kidogo, anashuka akicheza. Akiona yako vile vile, anashuka akilia, chakula hakimpiti kooni, watoto anawagombeza bure. Kutwa juu ya mti! Watoto wanamwita, "Mama! Mama!" Mama yuko mzingani anachungulia.

— Watamuuma.

— Hawakumuuma, Zawena. Afadhali wangemuuma.

Walihama. Siku hiyo Kindi alipofunua, hakusikia zzz. Mzinga mtupu, masega makavu. Upepo na mwanga vilikuwa vimeingia mno, Nyuki wakachoka, wakaenda kukaa pango la mbali. Kindi akaita mpaka sauti ikamkauka. Lakini sasa alijua kosa ni la nani.

Gunia nalo lilikuwa limebaki robo tu, na mvua ikipita, kiangazi hicho. Kindi akalitazama lile gunia. Hakuimba. Kwanza akachota mtama wa kula, akautia kwenye mtungi, akaufunika, akawaambia wanawe, "Huu hauendi guliani. Hata Nguchiro aje anapiga ngoma mlangoni, huu ni wa tumbo." Kisha akaugawa uliobaki mafungu matatu.

Hakwenda kwa Nguchiro. Alikwenda kwa wenye kazi mmoja mmoja. Alikwenda kwa Fuko, aliyelima karanga kilimani, akamkuta ana udongo mpaka puani. Akauliza, "Kaka Fuko, mwaka wako mbaya huwa upi?" Fuko akasema, "Jua likiwahi, nimekwisha." Akamwachia fungu moja. Akaenda kwa Bata, aliyelima mpunga bondeni, akamuuliza lile lile. Bata akasema, "Mimi jua silijali, maji ninayo. Naogopa mafuriko." Akamwachia fungu. Akaenda na pangoni kwa Nyuki, akapiga magoti, akaomba radhi. Malkia akamtazama sana. Akasema, "Utafunua?" Kindi akasema, "Sifunui." Akaacha fungu la tatu. Haya, sasa tuimbe.

Mtama wangu nenda,

— Nenda urudi!

Wanangu wana njaa,

— Nenda urudi!

Mvua ikaanza. Ikanyesha, ikanyesha, ikanyesha. Mto ukapanda, bonde likajaa maji, mpunga wa Bata ukazama wote. Guliani ikawa vurugu. "Bata kafilisika! Kila kitu kimekwisha! Uzeni, uzeni!" Wanyama wakatupa vijiti vyote, vya Bata, vya Fuko, vya Nyuki, kila mtu anauza kwa sababu jirani kauza. Na nani yuko chini anaokota? Nguchiro! Akamfuata Kindi mpaka nyumbani.

"Dada, nakuhurumia una watoto. Vijiti vyako vyote vitatu, nakupa kibaba kimoja. Kesho sitatoa hata punje."

Kindi akawatazama wanawe. Mtoto mdogo alikuwa anakohoa kwa baridi. Kibaba kimoja ni kibaba kimoja, jamani.

— Asiuze! Kindi, usiuze!

— Mwambie, Mbwana, pengine atakusikia.

Kindi akasema, "Kaka Nguchiro, ngoja nikatazame." Akatoka na mvua yake kichwani. Bondeni akaona maji matupu. Akapanda kilimani, majani ya karanga yamelala matopeni. Akafukua kidogo, akaona karanga nono, zimekaa salama. Akatazama msituni, hakugusa kitu, alitazama tu. Kila mti umejaa maua kwa ile mvua. Akarudi, akasema, "Siuzi. Na mtama wa kula ninao." Nguchiro akaondoka anasonya.

Mvua ikakatika, maua yakaanguka, kiangazi kikaja. Fuko akaleta karanga. Nyuki wakaleta asali, tena asali ya mwaka wa maua mengi, mitungi haikutosha. Bata hakuleta kitu. Kindi hakuwa tajiri, msije mkaenda kusema nilisema alitajirika. Alikula yeye na wanawe, basi, kila siku.

Kiangazi kilipochacha, Bata akaonekana nje ya nyumba ya Kindi. Kakonda, manyoya yamesimama. Alikuwa akijificha, kwa maana wote aliokula mtama wao walikuwa wanamfukuza kwa mawe. Ngiri alikuwa amempa mtama wote wa nyumba yake, wanawe wakalala na njaa, akaapa atamvunja shingo. Bata akasema kwa sauti ndogo, "Dada Kindi, sina cha kukupa. Nimekuja unitukane, kisha niende zangu."

Kindi akamkaribisha ndani. Akamwekea karanga, akamwekea na asali. Bata akala huku machozi yanamtoka. Akauliza, "Mbona hunitukani? Mtama wako si niliupoteza?"

Kindi akasema, "Nilikupa fungu, Bata. Ningekupa gunia zima, leo wanangu wangekuwa wamekufa, na mimi ningekuwa nje pamoja na Ngiri, nimeshika jiwe. Kula. Ukishiba, ukapande tena."

Basi nyinyi mnaonisikiliza, mkikua mkawa na chenu: cha kula kiwekeni kando kwanza. Kinachobaki kigaweni kwa kazi mnazozijua, tena zisiwe kazi zinazouawa zote na balaa moja. Kisha mziache zikue. Mwaka mbaya utakuja tu, lakini usiwakute mmeshika jiwe.

Ngano imekomea papo hapo. Mwenye kuipenda aichukue, mwenye kuchoka akalale.