Shamba la Mwatime na Pakacha la Kwanza

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Sogeeni. Anayetaka kusinzia asinzie upande ule."

Hapo zamani za kale palikuwa na mjane, jina lake Mwatime. Alilima shamba ambalo shemeji yake, Mwinyikondo, alimpa mumewe kwa neno la mdomo. Mashahidi walikuwa wawili. Wote wakafa, na mume akafuata. Arubaini haijaisha, Mwinyikondo huyo mlangoni.

"Shemeji, lile shamba niliwaazima tu."

"Ulitoa, shemeji. Nilikuwa jikoni, nikasikia."

"Ulisikia chungu kikichemka."

Mwatime akaenda barazani. Baraza lile lilikuwa na mzee wa kufungua kikao, mzee wa kufunga, na mzee wa kuahirisha. Huyu wa tatu ndiye aliyekuwa na kazi. Baraza likaahirisha. Mwatime akalima, chwa, chwa, chwa. Likaahirisha tena, maana mkeka wa mkubwa wa baraza ulikuwa haujakauka. Mwinyikondo akamwambia aweke jembe chini. Akalima, chwa, chwa, chwa.

Mara ya tatu Mwatime akaja na Bi Mejumaa, ajuza aliyewazalisha mama za nusu ya wazee wale. Huyo hakuna aliyethubutu kumwahirisha.

"Mwinyikondo, baba, uliwaazima?"

"Niliwaazima, bibi. Miaka tisa."

"Aliyepewa shamba haleti kitu. Aliyeazimwa huleta nini?"

"Pakacha la kwanza la mavuno."

"Uliletewa?"

Mwatime akafumbua mdomo. Bi Mejumaa akamwinulia kiganja.

Mwinyikondo akaona njia imenyooka. "Kila mwaka, bibi. Limejaa pomoni."

Wazee wakaitikia kwa vichwa.

"Vizuri. Na mwenye shamba akilipokea, hufanya nini?"

Kila mtu alijua: hulipika siku hiyo hiyo, huchinja mbuzi, huita kijiji kizima.

"Nani hapa amekula kwa Mwinyikondo?"

Mzee wa kuahirisha, ambaye hakuwahi kukosa karamu, akasema, "Mimi hata ukoko sijaonja."

"Basi chagua, baba. Ama hukuletewa, na shamba si lako. Ama ulikula peke yako, na tunakudai karamu tisa. Tuanze leo, tumeshakaa."

Mwinyikondo akawatazama wazee. Walikuwa wengi, na walikuwa hawajala.

"Nilimpa ndugu yangu," akasema. "Sasa ni la shemeji."

Mzee wa kufunga akafunga kikao, mara ya kwanza mwaka ule.

Basi, wasikilizaji, mkipeana ardhi kwa mdomo, mpeane mbele ya watu wengi. Na aliyepewa asiweke jembe chini kwa kuambiwa. Hadithi yangu imefika mpakani. Huko mbele ni shamba la mwingine.