Mbuzi Aliyefunga Njia ya Harusi

Sogeeni. Wa nyuma aje mbele, wa mbele akunje miguu mwenzake apate pa kukaa. Wewe mwenye muwa, acha kutafuna, ngano haitaki mshindani. Nyamazeni kidogo. Kimya... Ehee, hivyo hivyo.

Ngano inabisha hodi!

— Mfungulieni aingie!

Ngano ina njaa!

— Mpeni masikio, ale ashibe!

Haya. Zamani, zamani hizo, watu na wanyama wakisalimiana njiani na kuulizana habari za nyumbani, palikuwa na mji ukiitwa Mtondooni. Katika mji huo aliishi mjane, jina lake Bi Riziki. Mume hana, mtoto hana, lakini uani kwake hapakuwa na nafasi ya kutema mate. Punda aliyechoka kubeba mizigo, akafukuzwa, alikwenda kwa Bi Riziki. Mbwa aliyepoteza jicho akimwindia bwana wake, akafukuzwa, alikwenda kwa Bi Riziki. Mbuzi aliyekauka maziwa, akafukuzwa, alikwenda kwa Bi Riziki. Na wote aliwapokea kwa neno moja: "Karibu. Uji upo."

Na palikuwa na mtoto wa kike, Mwanatumu. Kila asubuhi Mwanatumu alipeleka maji na maganda ya viazi kwa wanyama wale. Wote aliwapenda, lakini aliyempenda zaidi ni yule mbuzi kikongwe, Mama Ndevu, kwa kuwa Mama Ndevu alikuwa na maneno. Ukimjia mikono mitupu anakuambia, "Leo umeniletea salamu? Salamu hazitafuniki, mwanangu."

Basi masika yakapiga. Mvua na upepo, upepo na mvua. Paa la banda likaruka, ua wote ukalala chini. Punda, maskini, kulipopambazuka akaona njia nyeupe, akajiendea zake taratibu mpaka kwenye bamia za Jumbe Makame, mkuu wa mji. Akala bamia. Akala maua ya bamia. Akala na kofia ya sanamu ya kutishia ndege.

Jumbe akaja mbio, kanzu kaishika mkononi. "Bi Riziki! Hapa ni nyumbani kwa mtu au ni soko la mifupa?"

"Ni nyumbani, Jumbe. Na hawa ni wageni wangu."

"Wageni wako wamekula chakula changu. Sasa nisikilize. Mwezi huu namwoza mwanangu Shaali. Harusi ikipita, nikikuta wanyama hawa hawana ua wala paa, nawaswaga porini wote. Huko kuna chui, watajuana."

Bi Riziki akautazama ua uliolala chini. Angeusimamishaje? Miti ya ua inauzwa, makuti yanauzwa, kamba inauzwa, na yeye hata pesa ya chumvi hana. Mwanatumu alikuwa amesimama pale na ndoo yake. Alisikia yote.

Akaenda kuwaita wenzake wa mtaani. "Jamani, pesa za ua tutatafuta sisi."

"Sisi tuna pesa gani, Mwanatumu? Mimi hata kanzu hii ni ya kaka."

"Na mikono ni ya kaka?"

"Mikono ni yangu."

"Basi lete mikono."

Wakacheka, wakakubali. Watoto wa siku zile, nawaambia, wakikubali wamekubali.

Mara ya kwanza wakapika vitumbua. Huyu kaleta mchele kwa mama yake, yule kaleta nazi, wakatwanga, wakachanganya, wakapika. Vikatoka vya manjano, vimevimba, vinanukia mtaa mzima. Wakavipanga kwenye ungo kwenda sokoni.

Njiani mmoja akasema, "Ngoja nionje kama sukari imekolea." Akaonja. Wa pili akasema, "Wewe ulimi wako hauaminiki." Akaonja naye. Wa tatu akasema, "Hiliki je? Hamkuonja hiliki nyie." Basi ulimi huu ukahukumu, ulimi ule ukakata rufaa, walipofika sokoni ungo unang'aa.

Mwanatumu akautazama ungo, akawatazama wenzake midomo inavyong'aa mafuta, akajigusa na wake. Unang'aa vilevile.

Wakarudi. Mama Ndevu akauliza, "Biashara imekwendaje?"

"Imeliwa, Mama Ndevu."

"Nani kaila?"

"Wenyewe."

Mbuzi akacheka mpaka akakohoa. "Afadhali mmesema kweli. Mwenye kusema kweli hurudi sokoni. Haya, jaribuni tena."

Mara ya pili wakacheza ngoma. Mnajua desturi: mcheza ngoma akikupendeza, unamtuza, unamwekea pesa kwenye paji la uso au unamtupia miguuni. Watoto wakacheza uwanjani, kiuno huku, mabega kule, vumbi likapanda. Watu wakapendezwa, wakatuza. Pesa zikawa zinadondoka, lakini nani azishike, na kila mtu anacheza?

Akatokea Fisi. Kavaa kofia ya kazi ya mkono, kashika tasbihi. "Wajukuu zangu," anasema, na sauti kailainisha, "mnacheza vizuri, ila mtaibiwa. Mji huu una wezi. Nipeni mfuko niwashikie. Mimi mtu mzima."

Mwanatumu akasita. Akamtazama Fisi meno. Lakini mwenzake akasema, "Mpe, Mwanatumu, usimvunjie heshima mzee wa watu." Akampa. Wakaendelea kucheza, wakafumba macho kwa utamu wa ngoma. Walipofumbua, Fisi hayupo, mfuko haupo, ipo tasbihi tu imetupwa, nayo si tasbihi, ni kokwa za ubuyu.

Siku hiyo Mwanatumu alilia. Alikaa chini karibu na Mama Ndevu, akauficha uso kwenye manyoya yake. "Mimi basi tena, Mama Ndevu. Keshokutwa harusi. Bibi harusi analetwa kutoka Mkwajuni, na ninyi mnapelekwa porini."

"Bibi harusi wa Mkwajuni ni nani?"

"Mwanahawa, binti wa Mzee Bwanaheri."

Mbuzi akainuka. Miguu ilimtetemeka, lakini akainuka. "Mwanahawa? Yule mama yake alikufa akimzaa?"

"Ndiye."

"Mwanatumu, huyo ni mwanangu. Mimi nilikuwa mbuzi wa Bwanaheri. Kitoto kile hakikupata ziwa la mtu, kilipata langu. Kimenyonya kwangu mpaka kikaota meno, na kilipoota kikaniuma. Kilikuwa hakilali bila kushika ndevu hizi. Maziwa yaliponikauka, watu wa pale wakanifukuza, kitoto kikabaki kinalia." Akatikisa pembe. "Niambie, bibi harusi akichukuliwa kwao, ni nani mwenye haki ya kumfungia bwana harusi njia?"

Mwanatumu akafuta machozi. Kila mtoto alijua. Jamaa wa mke hutandaza kanga njiani, na harusi haipiti mpaka upande wa mume utoe kifungua njia. Kuruka kanga ni fedheha, kuikata ni ugomvi wa koo mbili.

"Ni jamaa wa mke," akasema Mwanatumu. "Mama yake ndiye wa kwanza."

"Basi katafute kanga."

Siku ya harusi ikafika. Msafara ukaja kutoka Mkwajuni, matarumbeta mbele, kina mama na vigelegele, na katikati machela, bibi harusi ndani yake kafunikwa shali. Fisi naye yumo, kofia ileile, pua mbele, anaifuata harufu ya pilau. Walipofika kwenye mwingilio wa mji wakakuta kanga imetandazwa njia nzima, Mwanatumu kashika huku, wenzake kule, na punda kasimama kama nguzo. Watoto wanaimba:

Hapapitwi, hapapitwi,
mwenye mwana hajaridhi!
Hapapitwi, hapapitwi,
toeni mpewe njia!

Shangazi wa bwana harusi akashika kiuno. "Nyie vitoto vya kwetu, mmeingiwa na nini? Upande wa mume haufungi njia! Hamjafunzwa?"

"Tumefunzwa, shangazi," akasema Mwanatumu. "Sisi tumeshika kanga tu. Mwenye njia huyu hapa."

Mama Ndevu akajitokeza, kaoshwa, kapakwa mafuta, kafungwa leso shingoni. "Salamu zenu, wakwe zangu. Mimi ndiye niliyemnyonyesha."

Msafara ukalipuka kwa kicheko. Fisi akacheka kuliko wote. "Mbuzi ana ukwe! Kesho kuku atadai mahari!"

Jumbe hakucheka. "Mwanatumu, wewe mtoto unanitia aibu mbele ya wageni. Ondoa kanga hiyo. Maneno ya mbuzi nani atayathibitisha?"

Na hapo palikuwa pagumu, sikilizeni. Aliyejua ukweli ni bibi harusi, na bibi harusi siku yake hasemi. Akisema, ni mwari asiye na malezi, watu watamtia midomoni mpaka azeeke. Mwanatumu akalitazama lile shali. Shali kimya. Mikono ilikuwa inamuuma kwa kukaza kanga, lakini hakuilegeza.

Mama Ndevu akasogea taratibu mpaka kwenye machela. Akainua kidevu tu.

Shali likatikisika. Ukatoka mkono, hina mpaka kwenye kiwiko, bangili zinalia. Mkono ukapapasa, ukapapasa, ukazishika zile ndevu. Ukazishika kama mtoto anavyoshika kitu kabla ya kulala, na haukuziachia.

Kicheko kikafa. Kina mama wa Mkwajuni wakatazamana, mmoja akapiga kigelegele, na wengine wakafuata. Shangazi akafuta macho kwa ncha ya buibui. "Haya toeni, toeni! Mama mtu mmemsimamisha juani!"

Bwana harusi Shaali akatoa wa kwanza, rupia ikaanguka kwenye kanga. Shangazi akatoa. Wapiga tarumbeta wakatoa. Jumbe akajipapasa mifuko.

"Mkwe," akasema Mama Ndevu, "heshima yako tunaijua, sasa tuonyeshe na mfuko."

Watu wakamcheka Jumbe, na Jumbe mwenyewe akacheka, akaumwaga mfuko wote. Zamu ikafika kwa Fisi.

"Mimi? Mimi si wa harusi hii. Mpita njia tu."

"Hujaalikwa?" akauliza Mwanatumu, kamkazia macho.

"Sijaalikwa! Siwajui hawa!"

"Jamani mmesikia? Si wa harusi. Basi mwacheni apite na njia yake, pilau asipewe."

Na hakupewa. Sinia zikapita mbele yake, yeye yuko nje ya uzio wa Jumbe, mate yanamtoka.

Zile pesa hakuna aliyeomba kuzishika. Watoto walizibeba wote pamoja, kila mmoja ncha yake ya kanga, moja kwa moja mpaka kwa wauza miti na makuti. Mji ukaitana msaragambo, kazi ya wote. Wanaume wakachimbia, wanawake wakasuka makuti, ua ukasimama, paa likakaa. Jumbe alipopita kukagua, alivua viatu mlangoni. "Porini hawaendi," alisema. "Mkwe hafukuzwi."

Sasa shikeni funzo lenu. Aliyekutumikia akiwa na nguvu ni jamaa yako, na jamaa hatupwi akichoka. Na wewe mtoto, ukishika jambo jema likakuponyoka mara mbili, lishike mara ya tatu, na uombe waziwazi, kwa desturi za kwenu. Kumwombea mnyonge si aibu.

Ngano yangu imeshiba, inaaga. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chachu, nirudishieni chungu changu.

Bi Riziki alipofariki, ule ua aliurithi Mwanatumu. Mwanahawa alirithi kumlisha Mama Ndevu kwa mkono wake mpaka siku ya mwisho. Watoto wa Mtondooni wakarithi haki ya kufunga njia katika kila harusi ya mji ule, na kinachopatikana ni cha wanyama. Na Fisi? Wanawe walirithi kunusa pilau ya watu kwa mbali, na kucheka peke yao.