Kufuli la Mzee Mbwilo

Nyie mnaojiita wajanja, sogeeni hapa mjifunze kwa Sikudhani, muuza mahindi.

Stoo yake alipanga kwa Mzee Mbwilo, yule ambaye tumbo humtangulia na akili hubaki nyumbani. Mzee alikuwa na sheria moja: ukichelewesha kodi, anatia kufuli lake, na vyote vya ndani vinakuwa vyake.

Sikudhani akachelewesha. Mzee akaja na kufuli kubwa kama kichwa chake.

"Shikamoo, mzee wangu. Chukua hata hereni zangu, ila magunia yangu usiyaguse!"

"Kumbe na kulia unajua? Hayo magunia ndiyo nayataka."

"Basi angalau usinitangaze mbele za watu."

Weee! Mzee akawaita wapangaji wote, hadi mwenyekiti wa mtaa. "Sikieni! Kuanzia leo mahindi haya ni mali yangu. Huyu binti hana hata punje."

"Hata punje, mzee?"

"Hata vumbi lake!"

Kesho yake mwanamume mmoja akaingia uani na lori. "Mahindi ya stoo hii ni ya nani?"

Mzee akadhani mnunuzi kaja. Akajipiga kifua. "Yangu! Muulize hata mwenyekiti."

"Ni yake," mwenyekiti akasema.

"Vizuri. Mimi ni bwana afya. Tuliyapima wiki iliyopita, yana sumukuvu. Yanakwenda kuteketezwa, na gharama zote ni za mwenye mali."

Mzee akageuka, macho yamemtoka. "Sikudhani! Njoo uchukue magunia yako!"

"Magunia yapi, mzee wangu?" akajibu Sikudhani, akikaza kanga yake kiunoni. "Mimi sina hata vumbi."