Pikapu ya Subilaga na Jicho la Baba Mkwe

Hapo zamani, wala si zamani za sungura na fisi, ni zamani za juzi tu, simu zilipokuwa zimeshafika Ilolobe lakini lami bado, aliishi mwanamke mmoja jina lake Subilaga. Mumewe, Asajile, alikuwa machimboni, anarudi Pasaka na Krismasi. Subilaga alikuwa na pikapu. Kila siku isipokuwa Jumapili aliijaza mikungu ya ndizi akateremka nayo sokoni, na kila siku barabara ya Ilolobe iliikwangua tumbo. Nasema tumbo la gari, si la mama. Mawe yalikwangua, matope yalinasa, na mara mbili alivutwa na ng'ombe wa jirani mbele ya watu waliokuwa wanatoka kanisani.

Basi akaenda kwa fundi Lugano. Akamwambia, "Fundi, ninyanyulie gari kidogo."

Jamani, usimwambie fundi "kidogo" bila kumwonyesha kwa mkono. Lugano alikuwa na picha moja kwenye simu yake, picha ya gari la ng'ambo lenye tairi za kumfikia mtu kifuani. Aliitazama picha ile miaka miwili akingoja mteja wa kulitamka neno "ninyanyulie". Akaongeza majani ya chuma kwenye springi, akapachika vipande vya chuma, akatoa stoo tairi nne kubwa zilizoachwa na wajenzi wa barabara. Siku ya tatu Subilaga aliikuta pikapu yake uwanjani, kitasa cha mlango kikiwa usawa wa pua yake.

"Kidogo," alisema Lugano, akijifuta mikono.

Kweli, matope hayakulinasa tena. Lakini gari la kila siku si gari la picha. Kupanda, kigoda. Kushuka, kigoda. Wapakiaji waliozoea kuinua mkungu hadi kifuani sasa walitakiwa kuurusha juu ya vichwa vyao, wakagoma. Mafuta yaliyokuwa yakimpeleka sokoni na kumrudisha sasa yalimpeleka, na habari ya kurudi ikawa ya kuombea dua. Usukani ukawa mzito. Akikata kona, tairi zinasugua madigadi na kulia. Akikanyaga breki mbele ya ofisi ya kijiji, gari linasimama mbele ya zahanati. Taa za mbele ziliacha kumulika barabara zikawa zinamulika bundi. Na mshale wa spidi ukawa mwongo, maana tairi kubwa likizunguka mara moja linameza njia ndefu zaidi, na mshale haujui, unahesabu tu kana kwamba tairi ni lile la zamani.

Watu wakaliita Ghorofa. Mama mkwe wake, Bibi Tumpe, alilizunguka mara mbili akauliza, "Mwanangu, gari hili ni la kubebea ndizi au la kuchumia?" Subilaga alicheka pamoja na wengine, lakini ilimuuma.

Sasa nisikilizeni desturi ya Ilolobe, maana bila hiyo hamtaelewa kitu. Mke wa mwana na baba mkwe hawatazamani. Hawasemezani. Hawakai chini ya paa moja. Hawagusani, hata kwa bahati mbaya. Ni heshima, wala hakuna ugomvi ndani yake. Miaka saba Subilaga alikuwa ameolewa, na miaka saba, akisikia fimbo ya Mzee Mwakalobo njiani, aliingia migombani, akageuza mgongo, akangoja fimbo ipite. Alimpikia, chakula kikaenda kwa mkono wa Bibi Tumpe. Mzee aliisifu mboga, sifa zikarudi kwa mkono uleule. Uso wa Subilaga mzee hakuwahi kuuona, hata alipokuwa na macho.

Ndiyo, hakuwa nayo tena. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunga macho yote mawili, mwaka wa nne huo. Madaktari wa macho walifika hospitali ya bondeni mara moja kwa mwaka, kwa siku mbili. Mwaka uliopita mto Lwisu ulijaa, mzee akawakosa. Mwaka huu aliketi mbele ya majirani akatoa neno.

"Atakayenifikisha kwenye jicho langu, uso wake ndio nitakaoutazama wa kwanza. Sitatazama ng'ombe, sitatazama mlima. Nitamtazama yeye."

Na neno la Mzee Mwakalobo halikuwa la kurudi nyuma. Aliwahi kuapa kwamba hatavaa viatu mpaka kanisa liezekwe, akatembea peku miaka mitatu.

Subilaga alikuwa nyuma ya jiko, akasikia. Moyo ulimruka, kisha akajiona mjinga. Katika Ilolobe nzima uso wake ndio pekee ambao mzee hakuruhusiwa kuutazama, na yeye alitaka utazamwe kuliko kitu chochote. Hakumwambia mtu.

Ikafika siku ya pili ya madaktari, na ndiyo ya mwisho. Mvua ilikuwa imenyesha tangu jana yake, Lwisu umepanda juu ya daraja. Saa sita mchana hospitali ingefunga orodha. Wa bodaboda wakakataa. Mwenye gari dogo akakataa. Likabaki Ghorofa, limesimama uwanjani na dereva wake amejibanza upande wa pili wa tairi.

Wazee wa ukoo wakasema, "Mbele pana paa. Mzee hawezi kukaa paa moja na mkwe. Akae nyuma, kwenye bodi."

"Kwenye mvua hii? Na kifua chake hicho?" aliuliza Bibi Tumpe. Akafungua kitenge chake cha juu, akakitundika ndani ya gari kutoka darini hadi kwenye kiti, kati ya dereva na abiria. "Nyumba yenye ukuta katikati ni nyumba mbili. Nani anabisha?"

Wazee walitazamana. Mvua ilikuwa inawaingia shingoni, na mvua ikiingia shingoni hoja huisha mapema. Wakakubali.

Kumpandisha mzee, kigoda hakikutosha, Lugano akainama. Mzee akakanyaga kigoda, akakanyaga mgongo wa fundi.

"Hii ni ngazi ya ngapi?" aliuliza.

"Ya mwisho, Mzee," alisema Lugano kwa taabu. Kisha yeye mwenyewe akapanda nyuma na spana mkononi, akisema nati za tairi zile anazijua peke yake. Bibi Tumpe akakaa katikati, kitenge kikiwa kulia kwake. Kigoda kikabaki uani.

Wakafika Lwisu. Maji yalikuwa yanapita juu ya daraja, ya rangi ya chai ya maziwa. Gari la zamani lingeelea. Ghorofa likaingia polepole, maji yakagonga chini ya mlango, mahali ambapo zamani palikuwa na kitasa, na likatoka ng'ambo linachuruzika.

"Muulize dereva kama tumevuka," alisema mzee.

"Anauliza kama tumevuka," Bibi Tumpe alikiambia kitenge.

"Mwambie tumevuka, Mama," kitenge kilijibu.

"Anasema tumevuka."

"Nimesikia," alisema mzee. "Mwambie anaendesha vizuri."

Subilaga alisikia kabla hajaambiwa, lakini alingoja aambiwe, maana ndiyo adabu. Na alipoambiwa akafurahi mara ya pili.

Walipofika lami akajikaza, mshale ukasimama kwenye arobaini na nane, naye akijua kwamba hamsini ndiyo mwisho. Trafiki akawasimamisha, ameshika tochi yake ya kupimia spidi. "Dada, hamsini na tano."

"Afande, tazama mshale wangu."

Afande akatazama tairi badala ya mshale, akacheka. Kisha akaingiza kichwa dirisha la pili, akauliza pazia ni la nini, maana limeziba kioo cha kushoto na mwenye baiskeli aliyekuwa pembeni nusura aende mtaroni.

"Mwanangu," alisema Bibi Tumpe, "umeingiza kichwa nyumbani kwa mtu bila hodi."

Afande akaelezwa. Naye kumbe alikuwa na wakwe wa milima ileile. Akasema, "Haya, nendeni. Lakini mkirudi ukuta huo ushuke, na mshale huo muuongezee saba kila mnapoutazama." Wakaondoka.

Walifika hospitali saa sita kasorobo. Ghorofa lilikuwa refu kuliko boriti ya geti, likabaki nje. Bibi Tumpe akakimbia kuandikisha jina. Lugano akaingia chini ya gari, maana nati moja ilikuwa inalia. Subilaga, kwa desturi, alishuka akajificha nyuma ya tairi, akangoja mtu aje amshushe mzee.

Ndani wakaanza kuita majina ya mwisho. Mzee alisikia, akaogopa. Akafungua mlango, akatoa mguu kama alivyoutoa katika kila gari alilopanda maishani mwake, akaitafuta ardhi pale ilipokuwaga. Haikuwepo.

Subilaga aliuona ule mguu. Hakufikiri ukoo, hakufikiri kitenge. Alitoka nyuma ya tairi, na mikono yake ikafika kabla ya desturi. Akamdaka mzee mzima kifuani, akambeba mpaka kwenye mlango wa hospitali, akamweka kwenye benchi. Mzee alikuwa mwepesi.

"Ni nani?" aliuliza mzee.

Subilaga hakujibu. Na kwa kuwa duniani kuna mtu mmoja tu asiyeruhusiwa kumjibu Mzee Mwakalobo, mzee hakuuliza tena.

Akapasuliwa jicho la kulia mchana uleule, likafungwa bandeji. Kesho yake asubuhi Sista akaja kuifungua. Hapo ndipo wakaanza kuigombania ahadi.

Lugano alisimama mbele ya kitanda. "Mzee, uso ni wangu. Nani alilinyanyua gari? Mimi. Bila tairi zangu Lwisu ungewarudisha, kama mwaka jana. Walinicheka kijiji kizima, na mgongo wangu ukawa ngazi. Bibi atadai kitenge, lakini kitenge hakivuki mto. Tena kiliziba kioo, nusura kiue mtu."

Bibi Tumpe akamsogeza kwa kiwiko. "Uso ni wangu. Nani alitafuta njia pale wazee walipofunga njia? Mimi. Bila ukuta wangu gari lingebaki uwanjani na urefu wake wote. Huyu fundi ndiye aliyeiweka ardhi mbali hata mume wangu akaikosa. Na kama hayo hayatoshi, Baba Asajile, nimekushika mkono miaka minne. Mimi nimeshazeeka katika miaka hiyo, hujaniona. Nataka unione kabla sijazidi."

Mzee akauliza, "Na wa tatu?"

Wa tatu alikuwa nje ya dirisha, ameegemea ukuta. Sista, ambaye alikuwa na wagonjwa wengine kumi na wanane na subira iliyobaki kidogo, akatoka akamvuta mkono akamwingiza. Subilaga akajifunika kanga mpaka puani, akasema na Sista, asije akasema na asiyefaa.

"Sista, mwambie mwenye jicho. Fundi alinyanyua, lakini gari ni langu, na taabu ya urefu wake naibeba kila siku, si siku ya mto tu. Mama alitundika ukuta, namshukuru. Lakini ukuta haukumdaka. Ni kweli nimemgusa baba mkwe, na ukoo ukinidai mbuzi nitatoa. Miaka saba nimegeuza mgongo migombani. Sikuichukia desturi, ila nilitamani siku moja ajue mboga ile inapikwa na nani. Kama ahadi ni ya aliyemfikisha, mimi ndiye. Kama desturi ni kubwa kuliko ahadi, nitageukia ukuta, sitalalamika."

"Amesema..." alianza Sista.

"Nimesikia," alisema mzee.

Lugano alitazama spana yake.

Sista akabandua bandeji, akasafisha jicho. Lakini mzee alikuwa amefumba, amefumba kwa nguvu mpaka kope zinacheza, maana neno lake lilikuwa moja na nyuso zilikuwa tatu. Akasema, "Sogeeni wote. Atakayestahili abaki mbele yangu, wawili warudi nyuma. Mkimaliza niambieni nifumbue."

Wenzangu, mzee bado amefumba, na Sista anatazama saa. Fundi aliyenyanyua gari, mke aliyeigawa nyumba, na mkwe ambaye mikono yake ilifika kabla ya desturi. Je, nani alistahili kuonwa wa kwanza?